Ukiua kwa kujitetea, nani ataamini kwamba uliogopa? Somo la kesi ya shamba la Soysambu

Mwizi akivunja mlango wako usiku, ukampiga, akafa, je, utafungwa? Mtangazaji yeyote wa redio huku kwetu amelipokea swali hili mara nyingi. Linaulizwa Igwachanya, linaulizwa Ilembula, linaulizwa stendi ya Makambako. Na mara nyingi linafuatwa na la pili, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: na kama aliyeua ni mtu mwenye fedha, naye atafungwa?

La kwanza ni swali la sheria, na jibu lake limeandikwa. La pili linahusu namna sheria hiyohiyo inavyowafikia watu wasiolingana. Katika Afrika Mashariki, kesi iliyoyaleta maswali haya mawili pamoja mbele ya umma kuliko nyingine ni ile ya shamba la Soysambu nchini Kenya. Huko, ndani ya miezi 13, Mzungu mmoja mwenye shamba alihusishwa na vifo vya Waafrika wawili waliopigwa risasi, na kila mara alieleza kwamba hakukusudia kuua.

Tuitazame kesi hiyo hatua kwa hatua, kisha turudi nyumbani tuone sheria yetu inasemaje.

Risasi ya kwanza: Aprili 2005

Soysambu ni shamba la mifugo na wanyamapori katika Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Elementaita, kati ya Naivasha na Nakuru. Ni makumi ya maelfu ya ekari. Ni la ukoo wa Delamere, ukoo wa Kiingereza uliokuwa na sauti kubwa kuliko karibu wote miongoni mwa walowezi wa Kenya. Mwaka 2005 msimamizi wake alikuwa Tom Cholmondeley, jina ambalo hutamkwa "Chamli". Alikuwa kitukuu cha Lord Delamere aliyefika Kenya mwanzoni mwa ukoloni.

Tarehe 19 Aprili 2005, askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, walifika shambani humo wakiwa wamevaa kiraia. Walikuwa wanachunguza taarifa za biashara haramu ya nyamapori. Walimkuta nyati aliyechinjwa, wakawakamata wafanyakazi. Cholmondeley alipopata habari kwamba shambani kuna watu wenye silaha, alikwenda na bastola. Samson ole Sisina, askari wa KWS na Mmasai, alipigwa risasi akafa.

Maelezo ya Cholmondeley yalikuwa haya: alidhani watu wale ni majambazi, na alifyatua risasi kujitetea. Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Lakini mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Amos Wako, aliiondoa kesi mahakamani kabla ushahidi haujasikilizwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wamasai waliandamana. Wabunge na magazeti walipiga kelele. Watu hawakuwa wanabishana sana kama mtu akivamiwa na majambazi ana haki ya kujitetea. Karibu wote walikubali kwamba anayo. Walichouliza ni hiki: kwa nini maelezo ya mtu huyu yameaminiwa ofisini, bila kupimwa mahakamani? Mkenya wa kawaida angemuua askari wa serikali akasema "nilidhani ni jambazi," angerudi nyumbani ndani ya mwezi mmoja?

Risasi ya pili: Mei 2006

Tarehe 10 Mei 2006, kabla hasira hizo hazijapoa, Cholmondeley alikuwa akitembea shambani na rafiki yake. Wakakutana na wanaume kadhaa waliokuwa na mbwa na swala waliyemuwinda. Risasi zikalia. Mbwa wakafa. Mmoja wa wanaume wale, Robert Njoya, fundi wa kuchonga mawe kutoka kijiji cha jirani, alipigwa chini ya kiuno. Alipoteza damu nyingi na akafa.

Mara hii hapakuwa na njia ya mkato. Cholmondeley aliwekwa mahabusu katika gereza la Kamiti, na kesi yake ya kuua kwa kukusudia ilisikilizwa na Jaji Muga Apondi wa Mahakama Kuu. Mwanzoni maelezo yalikuwa kwamba aliwalenga mbwa na Njoya akapatwa kwa bahati mbaya. Baadaye upande wa utetezi ukaleta hoja kwamba huenda aliyempiga Njoya ni yule rafiki aliyekuwa naye. Jaji aliikataa hoja hiyo.

Mei 2009 hukumu ikatoka. Jaji alisema Cholmondeley ndiye aliyefyatua risasi iliyomuua Njoya, lakini hakukusudia kuua. Miongoni mwa mambo aliyoyapima ni kwamba baada ya tukio mshtakiwa alimsaidia majeruhi kwa huduma ya kwanza na kumtafutia usafiri wa hospitali. Kosa likawa kuua bila kukusudia. Wiki moja baadaye, tarehe 14 Mei, ikatangazwa adhabu: kifungo cha miezi minane, kwa kuzingatia kwamba alikuwa ameshakaa mahabusu miaka mitatu.

Oktoba 2009 alitoka. Aliaga dunia Nairobi Agosti 2016, baada ya upasuaji wa nyonga.

Miezi minane: ni kidogo au ni haki?

Hapa Wakenya waligawanyika, na mgawanyiko ule unafaa kutazamwa bila haraka, maana kila upande ulikuwa na hoja.

Waliolalamika walisema: adhabu ya juu ya kuua bila kukusudia nchini Kenya ni kifungo cha maisha. Miezi minane ni adhabu ambayo mtu maskini anaweza kuipata kwa wizi mdogo. Mjane na watoto wa fundi wa mawe walibaki bila mlezi. Na aliyekufa hakuwa na bunduki. Alikuwa na mbwa na swala.

Waliomtetea jaji walisema: jumlisha miaka mitatu ya mahabusu na miezi minane, utapata karibu miaka minne. Walisema pia kwamba mahakama huhukumu tukio lililo mbele yake, haihukumu ukoo wala historia. Na wengine wakaongeza kwamba wenye mashamba katika Bonde la Ufa walikuwa wakivamiwa kweli na majambazi wenye silaha, kwa hiyo hofu yao haikuwa ya kubuni.

Hoja zote hizi zina uzito. Ila tuangalie jambo moja ambalo katika mabishano yale lilipotea kirahisi. Katika tukio la kwanza, askari wa KWS walikuwa na silaha na hawakuvaa sare. Mtu anaweza kweli kuwadhania majambazi. Katika tukio la pili, kundi lile lilikuwa la watu waliokuja kutafuta kitoweo. Matukio mawili, hatari mbili zisizofanana. Lakini kwa kuwa la kwanza halikupimwa mahakamani, wananchi walilipima la pili pamoja na deni la la kwanza. Kesi inayofungwa bila kusikilizwa haipotei. Inabaki vichwani mwa watu na kuja kuitia shaka hata hukumu iliyotolewa baada ya ushahidi kusikilizwa kwa miaka mitatu.

Kenya ilibadilisha jambo moja la msingi mwaka uliofuata. Katiba yake ya 2010 iliweka ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ikasema hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama.

Kwa nini rangi iliingia

Kuna wanaosema: rangi ya nini hapa? Mtu ameua, ahukumiwe kama mtu. Ni maneno mazuri. Lakini huwezi kuielewa hasira ya Wakenya bila kujua kilichotokea kwenye ardhi ileile miaka 100 kabla.

Kwa mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa ili kupisha walowezi. Kwa hiyo Mmasai Samson ole Sisina alipouawa Soysambu, ndugu zake hawakuona askari tu aliyeuawa kazini. Waliona mtu wao ameuawa juu ya ardhi ambayo babu zao walikuwa wakilisha ng'ombe.

Mwaka 1911 huohuo, mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere, alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemtuhumu kuiba kondoo, katika eneo hilohilo la Elementaita. Siku hizo Mzungu alihukumiwa na baraza la wazee wa mahakama ambao wote ni Wazungu wenzake. Baraza hilo likamwachia. Serikali ya Uingereza iliona aibu, ikaamua kumfukuza nchini. Baada ya miaka michache akarudi.

Miaka karibu 50 baadaye, Nairobi, Peter Poole alimpiga risasi Mwafrika aliyekuwa akiwatupia mawe mbwa wake. Mara hii mambo yalikwenda vingine: Poole alihukumiwa kifo na akanyongwa Agosti 1960, Kenya ikiwa inakaribia uhuru. Wazungu wengi wa Kenya walishtuka. Hawakuwa wamezoea kuona sheria ile ikimfikia mtu wa rangi yao.

Weka matukio haya pamoja na utaona kitu. Kondoo, mbwa, swala. Kila mara upande mmoja ulikuwa unalinda mali, upande mwingine ukapoteza mtu. Na kila mara umma uliuliza swali lilelile: thamani ya mtu huyu mbele ya sheria ni ipi?

Marekani, bishano hilohilo

Wasikilizaji wanaofuatilia habari za dunia watakumbuka jina la Trayvon Martin. Alikuwa kijana mweusi wa miaka 17, hana silaha. Usiku wa tarehe 26 Februari 2012, katika mji wa Sanford, jimbo la Florida, alikuwa akitembea kwa miguu kurudi alikofikia, ametoka dukani kununua pipi na kinywaji. George Zimmerman, mkazi wa mtaa ule aliyejitolea kuulinda, alimshuku, akapiga simu polisi, akamfuata. Wakapambana. Zimmerman akamuua kwa risasi na kusema alijitetea.

Polisi hawakumkamata kwa zaidi ya mwezi mmoja. Florida ilikuwa imepitisha mwaka 2005 sheria inayosema mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwepo halazimiki kukimbia kwanza akitishiwa. Anaweza kusimama na kutumia nguvu, hata za kuua, akiamini kwa sababu za msingi kwamba maisha yake yako hatarini. Maandamano yalipokua, Zimmerman alishtakiwa. Julai 2013 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia.

Wanasheria walieleza kwamba utetezi wake mahakamani ulisimama zaidi kwenye kanuni ya kawaida ya kujitetea, na kwamba ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kuwa hakujitetea. Hilo ni kweli. Lakini watu weusi wa Marekani waliuliza: kijana yule naye alifuatwa usiku na mtu asiyemjua. Je, yeye hakuwa na haki ya kuogopa? Hofu yake ilipimwa na nani?

Miaka minane baadaye, Februari 2020, katika jimbo la Georgia, Ahmaud Arbery, kijana mweusi aliyekuwa akikimbia mazoezi, alifukuzwa na wanaume watatu weupe wenye magari na akauawa kwa bunduki. Wao pia walisema walijitetea na walikuwa wanamkamata mshukiwa wa wizi. Mara hii baraza lilikataa, na Novemba 2021 wote watatu wakapatikana na hatia ya mauaji. Kabla ya hukumu hiyo, Georgia ilikuwa imeshaifuta sheria ya zamani ya raia kumkamata raia waliyokuwa wakiitegemea.

Kilichobadilika kati ya kesi hizi mbili ni nini? Katika kesi ya Arbery kulikuwa na video. Katika kesi ya Martin, mmoja wa wawili waliojua yote yaliyotokea alikuwa amekufa. Hilo ndilo tatizo kubwa la kesi za kujitetea popote duniani: marehemu haji kutoa ushahidi. Anayebaki hai ndiye anayesimulia.

Kwetu suala ni cheo na mali

Mtu wa Wanging'ombe anaweza kusema haya ni mambo ya Wazungu na ya Wakenya. Sivyo. Ukiondoa rangi na kuweka cheo, tunayo ya kwetu.

Novemba 2006, miezi michache tu baada ya kifo cha Njoya, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Tabora, alimpiga risasi dereva wa daladala katika foleni eneo la Kawe, Dar es Salaam, na dereva akafa. Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa ambalo kwa sheria yetu halina dhamana. Mwaka 2007 shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Alifariki Aprili 2008 kabla kesi haijaisha. Wote wawili walikuwa Watanzania weusi, lakini mjadala wa mitaani ulifanana kabisa na ule wa Kenya: angekuwa dereva ndiye aliyempiga mkuu wa mkoa, shtaka lingebadilishwa?

Wazee wetu wana mfano wa upande huo pia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Njombe ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Iringa, mkuu wetu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika shamba la mkulima huyo, siku za kuhamishia watu na mashamba katika ujamaa. Mwamwindi aliupakia mwili kwenye gari akaupeleka polisi mwenyewe. Alipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia na akanyongwa. Mpaka leo wapo wanaomwona muuaji na wapo wanaosema alichokozwa.

Hapa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kuchokozwa ni kukasirishwa. Kujitetea ni kuizuia hatari iliyo mbele yako. Sheria inaweza kumhurumia kwa kiasi aliyekasirishwa ghafla, lakini hasira peke yake haimpi mtu haki ya kuua.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu, kuanzia kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine, na kutetea mali yake au mali iliyo chini ya uangalizi wake. Haibagui mwenye shamba na kibarua. Kisha inaweka mipaka.

Mpaka wa kwanza ni nguvu kiasi. Unaruhusiwa kutumia nguvu zinazohitajika kuizuia ile hatari tu. Ukizidisha, utawajibika kwa kilichozidi. Na mtu akifa kwa sababu ya nguvu zilizozidi, kosa lako ni kuua bila kukusudia. Adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha.

Mpaka wa pili ni sababu za msingi za kuogopa. Sheria inatambua kwamba kuna wakati mtu anaweza kusababisha kifo na asiwe na hatia: akiwa anazuia kuuawa au kujeruhiwa vibaya, kubakwa, kutekwa, au anapovamiwa kwa uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi au kuchomewa moto. Lakini lazima aamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba kitendo chake kilikuwa cha lazima. Kusema "niliogopa" hakutoshi. Mahakama itauliza: mtu mwingine mwenye akili timamu, akiwa mahali pale, saa ile, angeogopa hivyo?

Jambo la tatu ni la kumlinda mshtakiwa. Akisema alijitetea na kukiwa na dalili za hilo, yeye hatakiwi kuthibitisha. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuonyesha, bila kuacha shaka, kwamba hakujitetea au alizidisha.

Ukizipima kesi zote tulizozisimulia kwa sheria kama hii, unabaki na maswali manne. Hatari ilikuwa ipi? Wakati wa kupiga, hatari ile ilikuwa bado ipo? Kulikuwa na njia nyingine? Nguvu zililingana na hatari?

Maswali manne ndani ya kijiji chetu

Tuyalete sasa nyumbani.

Mtu amevunja mlango wako usiku wa manane, ana panga, watoto wako ndani. Hatari ipo, ni kubwa, na huna pa kwenda. Sheria iko upande wako.

Mtu huyohuyo ameangusha panga, ameruka uzio, anakimbia kwenye mahindi. Unamkimbiza mita mia mbili na kumkata kichwani. Hatari ilishaondoka. Hapo hujitetei tena, unalipiza kisasi.

Mtu ameshikwa usiku katika shamba la parachichi ana gunia mkononi. Mlinzi mwenye gobore anampiga risasi. Gunia la parachichi linauma, hasa kwa mkulima aliyesubiri miti izae kwa miaka. Lakini mahakama itauliza gunia lile lilimtishia nani maisha. Hapa tuko karibu sana na swala wa Soysambu.

Na kuna lile ambalo hatupendi kulizungumza. Mwizi amekamatwa, amefungwa kamba, amekalishwa chini mbele ya watu hamsini. Kisha anapigwa kwa mawe mpaka anakufa. Taarifa hutoka kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ina mikono yake na haina jina. Pima kwa maswali manne: hatari hakuna, ameshafungwa. Njia nyingine ipo, simu ya polisi iko mfukoni. Nguvu ni za watu hamsini kwa mmoja. Hakuna swali hata moja ambalo tunaweza kulijibu. Kila aliyerusha jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji.

Tuliosikitika kwamba Robert Njoya alithaminiwa kwa miezi minane, tujiulize: yule kijana wa bodaboda aliyeitiwa "mwizi!" kimakosa gulioni, damu yake tunaithamini kwa siku ngapi?

Nani huaminiwa, nani hushukiwa

Kwetu rangi ya ngozi si jambo linaloamua mengi. Lakini tunazo alama zetu. Mfugaji aliyevaa lubega akipita na ng'ombe pembezoni mwa shamba la mahindi hutazamwa kwa jicho moja. Mwenyeji akipita palepale hutazamwa kwa jingine. Tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walitawanyika kutafuta malisho, na maneno dhidi yao yakatangulia hata kabla hawajafika. Mgeni asiye na ndugu kijijini, kijana asiye na kazi, bibi kizee mwenye macho mekundu, mtu anayeokota kuni karibu na mpaka wa Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere: kila mmoja wao anaweza kugeuka "hatari" machoni pa mtu kabla hajafanya lolote.

Sheria inapotaka "sababu za msingi" za kuogopa, maana yake ni kwamba sura, mavazi, kabila au umaskini wa mtu si sababu. Sababu ni alichokifanya.

Na upande wa pili ni huu: mwenye mali naye asihukumiwe kwa mali yake. Mwekezaji au mfanyabiashara akivamiwa kweli, ana haki ileile ya kujitetea aliyonayo mlalahoi. Tunachoweza kudai ni kwamba maelezo yake yapimwe mahali palepale yanapopimwa ya mlalahoi, yaani mahakamani, ushahidi ukiwa wazi.

La kufanya

Ukivamiwa, piga kelele za kuomba msaada na piga simu polisi namba 112. Mwite balozi, mwenyekiti wa kitongoji, mgambo. Mwingiliaji akishazidiwa, acha kumpiga. Mfunge, mlinde, mkabidhi. Akiwa ameumia, mpeleke hospitali. Kule Kenya jambo hilo lilihesabiwa mahakamani.

Ikiwa mtu amekufa, usikimbie na usiguse kitu. Toa taarifa polisi. Wenye bunduki na magobore, kumbukeni kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na leseni ni kibali cha kumiliki silaha, haikupi ruhusa ya kumpiga mtu.

Ukiwa ndugu wa marehemu na unaona kesi imenyamaza, una haki ya kuuliza hatua iliyofikia: kwa mpelelezi, kwa mkuu wa kituo, kwa ofisi ya mashtaka. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukusaidia bila malipo. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Na siku utakapoona mtu amefungwa kamba gulioni na mawe yameshaokotwa, sauti ya mtu mmoja ikisema "mwacheni, polisi wanakuja" huwa inatosha kuwafanya wengine wapunguze mikono. Anza wewe.